Kituo kiko, lakini mlango wake unaomba nini?



Kuna neno ambalo nimelisikia mara nyingi hapa Bukavu: kwenye foleni ya maji, ndani ya taksi, na juma lililopita kwenye kikao chetu wenyewe. "Vituo viko. Ni wao wanapenda barabara." Linasemwa juu ya watoto wanaolala sokoni, juu ya mama aliyekataa kuondoka kwenye majivu ya nyumba yake, juu ya mzee anayelala mlangoni mwa duka. Likisemwa, mazungumzo yanaisha, na kila mtu anaenda kwake na moyo mtulivu. Mimi ninafundisha mwaka wa sita wa primeri, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja mbele ya ubao, na watoto wa namna hiyo wanapita mikononi mwangu kila mwaka. Ninaomba nafasi kidogo ili nieleze kwa nini neno hilo linatudanganya.

Kwanza, tunachanganya watu. Mchana, kwenye soko la Kadutu, Nyawera ao karibu na Feu Rouge, utaona watoto wengi: wenye kubeba mizigo ya wamama, wenye kuuza sashe, wenye kuomba. Wote tunawaita jina moja, maibobo, na tunapita. Lakini ukibaki pale mpaka giza linaingia, utaona wengi wao wanaondoka. Wanapanda Cimpunda, wanashuka Panzi, wanarudi nyumbani na franka kidogo walizopata, na mama anapika kwa franka hizo. Hao wana kwao. Wanachokosa ni chakula, ao masomo, ao vyote viwili. Wanaobaki usiku ni wengine, na si wengi kama wale wa mchana. Ukimchukua mtoto wa mchana na kumpeleka kituoni kwa nguvu, jioni atatoroka, kwa sababu nyumbani kuna mtu anamngojea na unga. Halafu tunasema: mnaona, amekataa.

Tena kuna wale ambao macho yetu hayawafikii. Ukihesabu wanaolala nje, utakuta karibu wote ni wavulana, na mtu anaweza kufikiri kwamba wasichana wote wana nyumba. Hapana. Msichana halali muda mrefu chini ya meza ya soko. Kabla usiku wa tatu haujafika, kuna mtu amekwisha kumchukua: ili afue na kulea watoto bila mshahara, ao kwa mambo mabaya kuliko hayo. Huyo hatahesabiwa na mtu yeyote, na hakuna anayemuuliza kama anapenda barabara.

Vilevile familia nzima zinazolala kwenye saloni za watu. Wengi wa waliokimbia vita hapa Kivu hawako kambini, wako kwa wenzao. Wakati Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye watu wa Goma wakaamriwa kuhama, mashua ziliwaleta huku, na wengi walifikia kwa ndugu, kwa marafiki, hata kwa watu wa kanisa lao ambao hawakuwajua kwa sura. Sichelewi hapa, kwa maana ninajua kwamba kila mama anayesoma mistari hii amewahi kutandika mkeka wa wageni na mkeka huo ukakaa miezi. Ninasema tu kile ambacho mwalimu anakiona: mtoto ambaye kila muhula anaandika avenyu nyingine kwenye karatasi yake, ambaye daftari zake zinalowa kwa sababu hana pembe ya kuziweka, ambaye anasinzia juu ya vitabu kwa kuwa halali mpaka wenye nyumba wamalize kuongea saloni. Huyo naye hana nyumba, hata kama ana paa juu ya kichwa.

Sasa, watu wanafikaje pale? Wengine wanasema uvivu, wengine wanasema pombe. Pombe iko, sikatai, lakini mara nyingi inakuja nyuma, mtu akiwa amekwisha kulala nje na baridi ya Bukavu imemfundisha kunywa. Chukueni mfano wa garanti. Tuseme chumba kimoja cha mbao na manjanja ni dola 20 kwa mwezi, na mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi sita. Mama anapaswa kuwa na dola 120 mkononi kabla hajaingiza hata sufuria, na bado hajalipa mwezi wa kwanza. Mama huyo anauza sambaza, na mtaji wake wote haufiki dola 30. Anaweza kulipa dola 20 kila mwezi bila kukosa, amekwisha kuzilipa miaka. Kinachomshinda ni zile 120 za siku moja. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Ni wangapi kati yetu, wapangaji na wenye nyumba, tumewahi kuitaja sheria hiyo siku ya kuandika mkataba? Na kati yetu wenye nyumba wamo, ninawajua.

Kuna pia kifo cha mume. Wajomba na mashangazi wanafika kwa kilio, na kilio kikiisha wanabaki na funguo. Kodi ya familia ya mwaka 1987, hata ilipotengenezwa upya mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba ambamo aliishi na mume wake. Lakini mjane anayeamka asubuhi na kukuta magodoro yake nje hana kodi mkononi, ana watoto mkononi. Mimi si mwanasheria, diploma yangu ni ya ualimu. Haya nimeyajifunza kwa sababu watoto wa wajane hao wanakuja darasani bila yunifomu na ninapaswa kuuliza.

Na kuna moto. Kila kiangazi tunaungojea kama mgeni tusiyempenda. Nyumba za mbao zimebanana, nyaya za umeme zimefungwa ovyo, mtu anaacha jiko la makala, na ndani ya saa moja avenyu nzima imekwisha. Hapo ndipo nilipomuona kwa karibu mama yule wa majivu.

Moto ulipita siku ya tano jioni. Masomo yetu yalifungua vyumba vinne, na watu wakalala kati ya madawati. Nilikuwa pale, tulisukuma madawati, tukafuta hesabu ubaoni ili mtu aandike majina ya familia. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini siku ya kwanza asubuhi wanafunzi walipaswa kuingia. Direkta hakuwa mtu mbaya: alikuwa na watoto mia kadhaa kwenye geti na watu wenye kulia ndani ya vyumba, na hakuna aliyemwambia awapeleke wapi. Wengine walitawanyika kwa ndugu, wengine wakaenda kwenye jumba la kanisa moja. Mama mmoja yeye hakuja hata usiku wa kwanza. Alibaki kwenye kiwanja chake, kati ya majivu, na watoto watatu, chini ya prela iliyofungwa kwenye miti miwili. Mvua ilinyesha siku ya posho usiku. Watu walipita na kusema: kichwa ngumu, ameitwa na hakuja.

Nilimpelekea uji, ndipo akanieleza. Kiwanja kile hakina karatasi ya kweli, kina karatasi ndogo tu yenye sahihi ya muuzaji, na hiyo nayo imeungua. Mipaka inajulikana kwa sababu yeye yuko pale. Akiondoka siku tatu, jirani anasogeza mbao zake nusu metre upande huu, jirani wa pili nusu metre upande ule, na kwenye kiwanja cha metre sita nusu metre mbili ni chumba cha watoto. Tena, alisema, wale wanaokuja kuandika majina ya walioungua wanakuja kwenye kiwanja. Wanamuandika yule wanayemkuta. Aliyekwenda kulala mahali pazuri anarudi na kuambiwa kwamba orodha imefungwa. Akaongeza jambo moja la mwisho: kwenye jumba lile la kanisa wanapokea wamama na watoto, lakini mvulana wake wa miaka kumi na tano aliambiwa alale na wanaume, huko nje kwenye baraza. "Mwalimu, mtoto huyu nimemkinga mpaka leo asiingie kwenye mambo ya vijana wa usiku. Nimuachie kwenye baraza na watu nisiowajua?"

Mnaona, mama yule hakukataa paa. Alipima vitu vitatu, kiwanja, orodha na mtoto, akakuta paa la usiku mmoja haliwezi kuvilipa. Angekuwa mume wa mtu, mwenye kofia na karatasi mkononi, tungesema ana akili.

Sasa nije kwa kijana ambaye hasa ndiye ananifanya niandike. Jina lake sitaliweka hapa. Ana miaka kumi na tatu, yuko darasani mwangu, na ana mdogo wake wa miaka saba. Darasa langu linasoma mchana, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa kumi na moja jioni, kwa maana asubuhi chumba ni cha wengine. Jambo hilo linamfaa. Alfajiri anakuwa sokoni wakati malori yanashusha mihogo na makala, anabeba, anapata franka za bugali, saa tano ananawa kwenye bomba, na saa sita na nusu yuko kwenye mstari. Tangu Septemba 2019, masomo ya primeri ya serikali yalipokuwa bure, hakuna anayemfukuza kwa sababu ya pesa. Anapiga hesabu za sehemu kuliko wana wa watu wenye vitabu. Mwandiko wake, kwa kweli, ni kama kuku amepita kwenye matope, lakini hilo tutalitengeneza.

Walitokaje nyumbani? Baba alikufa. Mama aliolewa tena, akazaa mtoto na mume wa pili, na mtoto yule akafa kwa homa. Kwenye chumba kimoja cha maombi walisema ni huyu mdogo ndiye amemla. Walianza kumnyima chakula, halafu wakamchoma mkono. Mkubwa alimchukua usiku, wakatoka. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kwenye kifungu cha 160, inasema mwenye kumsingizia mtoto uchawi afungwe mwaka mmoja mpaka mitatu, na hata Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza jambo hilo kwa jina lake. Lakini kabla ya sheria kuna usiku, na usiku ule kijana wa miaka kumi na miwili ndiye alikuwa na akili kuliko watu wazima wote wa nyumba ile.

Mimi na direkta tulikwenda naye kwenye kituo kimoja. Nitasema kweli: ni mahali safi. Vitanda viko, maharagi yapo, mtu aliyetupokea alikuwa mpole na amechoka, kama watu wote wenye kazi kubwa na pesa za mradi zinazoisha mwezi fulani. Alitueleza kanuni. Kituo kinapokea wavulana kuanzia miaka kumi, kwa hiyo mdogo angepelekwa kwenye nyumba nyingine, upande wa Bagira. Geti linafungwa saa kumi na moja jioni. Asubuhi hakuna kutoka, kuna mafundisho. Na mtoto hakai pale siku zote: wafanyakazi wanatafuta familia yake, wanapatanisha, wanamrudisha.

Kanuni hizi kila moja ina sababu, na ninaziheshimu. Ukichanganya watoto wadogo na vijana wakubwa kwenye chumba kimoja, kuna mambo yatatokea usiku. Ukiacha geti wazi, bangi itaingia. Ukimlea mtoto miaka kumi bila kutafuta kwao, umemfanya yatima kwa mkono wako. Lakini wekeni kanuni hizo pamoja juu ya kichwa cha mtoto huyu mmoja. Darasa linaisha saa ile ile geti linapofungwa, na njia ni ya mwendo wa saa nzima. Walisema abadilishe masomo, aende ya asubuhi ya karibu nao. Lakini jina lake lilikuwa limekwisha kutumwa pamoja na wenzake kwa mtihani wa taifa wa mwisho wa primeri, ule ambao wengi wetu bado tunauita TENAFEP. Kazi ya alfajiri angeiacha, na nafasi yake kwenye lori angeichukua mwingine. Mdogo angekuwa Bagira. Na juu ya yote, wangemtafutia familia, yaani ile nyumba ya mkono uliochomwa.

Alisikiliza yote kimya. Aliuliza jambo moja tu: "Mtoto nitamuona siku gani?" Mdogo wake anamuita mtoto. Wakamjibu: siku ya yenga.

Alikubali. Alilala pale usiku mbili. Siku ya tatu alitoka darasani, hakwenda kituoni, akaenda kwa miguu mpaka Bagira. Alimkuta mdogo hajala tangu jana, analia tu, akamtoa. Nilipofika kituoni kuuliza, niliona walichoandika kwenye daftari mbele ya jina lake. Neno moja: ametoroka. Nilipompata, aliniambia: "Mwalimu, mi sikutoroka. Nilienda kumuona mtoto."

Kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyekijua, mpaka aliponionyesha mahali anapolala. Ni chini ya paa la depo moja. Mlinzi wa usiku aliwaruhusu, na wao wanafagia mbele ya depo kila asubuhi na kumchotea maji. Mahali hapo pana sementi, hapaingii mvua, na pana taa inayowaka wakati umeme upo, na chini ya taa hiyo ndipo anaposomea. Ilimchukua miezi saba kupapata. Kabla ya hapo walikuwa chini ya meza, na wakubwa walikuwa wanawatoza franka kila jioni ili wawaache walale. Usiku zile mbili alipokuwa kituoni, wakubwa walikamata mahali pale. Aliporudi ilibidi awape pesa zake za siku nne ili watoke. Aliniambia bila kulia, kama mtu anayetoa hesabu ya duka.

Wamama, ile ndiyo garanti yake. Amefagia miezi saba ili aipate. Sisi tulimwambia aiache kwa sababu ya kitanda ambacho hakuna aliyeweza kumuahidi kwamba kitakuwepo mwezi ujao. Mtu mzima mwenye nyumba ya kukodi akiambiwa aache nyumba yake leo ili ajaribu nyingine ambayo itampokea siku chache, bila watoto wake, bila kazi yake, atakubali? Na akikataa, tutaandika kwamba anapenda barabara?

Sisemi tufunge vituo. Wako watoto wengi ambao vituo viliwaokoa, na wawili kati yao leo wanafundisha, ninafahamiana nao. Wala sisemi kila mtoto anayekataa ana sababu nzuri kama ya huyu. Wapo ambao gundi na bangi vimekwisha kuwakamata, na kwao kazi ni nyingine na ni ndefu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumuuliza mtu kwa nini hataki kuja, tumuulize akija atapoteza nini. Mara nyingine jibu ni dogo na linaweza kutengenezwa. Kwenye jumba lile la kanisa, ingetosha kona moja ya pazia kwa mama mwenye mvulana mkubwa. Kwa mama wa majivu, ingetosha shefu wa avenyu apite usiku ule ule aandike majina na mipaka, ili watu waende kulala bila woga. Kwenye avenyu moja ya Kadutu wamekwisha kuanza kufanya hivyo, na shefu wao hakuongezwa mshahara. Kuhusu garanti, chama chetu kina likelemba, na ninajua kwamba wengine kati yetu wanafikiria tayari kuweka sehemu ndogo kando kwa ajili ya mwanachama anayekwama kwa miezi ile mitatu ya kwanza. Jambo hilo liko mikononi mwa mweka hazina wetu, simsumbui hapa.

Kwa watoto hawa wawili, njia ilipatikana mahali pengine. Hapa kwetu tunayo kazi ya familia za kupokea kwa muda, ile iliyozoewa kwa watoto waliotoka kwenye makundi ya silaha na kwa wale waliopotezana na wazazi wakati wa vita. Mtoto anakaa ndani ya familia ya kawaida, karatasi zinapita kwa wafanyakazi wa mambo ya jamii, nao wanakuja kuangalia. Familia haiulizi kama mtoto ana miaka saba ao kumi na tatu. Mama mmoja wa chama chetu, mjane, mwenye binti wawili wakubwa, alikubali kuwapokea wote wawili mpaka mtihani upite, na baada ya hapo tutaongea. Hataki jina lake liandikwe, kwa hiyo msitafute, wanaomjua wanamjua.

Tulipokwenda kumuona, mimi, mfanyakazi wa jamii na kijana, nilikuwa nimemuambia kijana aulize chochote anachotaka. Aliuliza mambo matatu. Kama siku ya posho anaweza kwenda kwenye malori alfajiri. Mama akasema ndiyo, lakini arudi anywe uji. Kama yeye na mtoto watalala chumba kimoja. Mama akamuonyesha chumba. La tatu alilisema akiangalia chini: "Mama, ukichoka nasi, utatuambia mbele, ao siku ile ile?"

Mama hakukimbilia kumwambia kwamba hatachoka. Alifikiri, halafu akasema: "Nitakuambia mbele, na sitakuambia usiku."

Walihamia siku ya posho iliyopita. Mkubwa aliomba kwanza aende kumuaga mlinzi wa depo, na alimuachia ufagio. Vitu vyao vyote viliingia kwenye mfuko mmoja wa mchele, na mpaka jana mfuko ule ulikuwa bado umefungwa, uko karibu na mlango. Mama anasema anauacha hivyo, ataufungua mwenyewe akitaka.

Wanakosa godoro moja na blanketi, na mdogo anakosa viatu namba 30. Mimi nimekwisha kupata daftari na kalamu. Mwenye kuwa na moja ya vitu hivyo anikute siku ya nne kwenye kikao, ao amuachie katibu mapema asubuhi, kwa sababu mchana niko darasani.